Tanga maana yake nini hasa? Mpwa wangu kavaa fulana ugenini, kachekwa

Mgosi wa Chuda
Wakuu, salaam.

Nina mpwa wangu yuko Ujerumani kimasomo. Mwezi uliopita nilimtumia fulana niliyoichapisha hapa hapa mjini: kifuani TANGA kwa herufi kubwa, mgongoni mche wa mkonge na chini yake "waja leo waondoka leo". Kijana kafurahi, Jumamosi kaivaa kaenda nayo sokoni. Kila anayepishana naye anatazama kifua, kisha anatazama pembeni. Wasichana wawili wakashindwa kujizuia. Mwisho mama mmoja muuza viazi akamwuliza kwa upole kabisa, mwanangu, unajua umeandikwa nini hapo?

Kumbe kule tanga ni chupi. Wala si chupi ya heshima, ni ile ya kamba.

Usiku akanipigia simu. "Mjomba, nikiulizwa maana ya hili neno nijibu nini?" Nikamwambia tanga ni tanga la jahazi, mji wetu ni mji wa bandari, basi. Akasema, "Nani kasema mji uliitwa kwa sababu ya hilo tanga?" Hapo nikakwama. Nimezaliwa Chuda, nimeoa Chuda, na sijui jina la mji wangu limetoka wapi.

Maswali mawili basi. Tanga yetu imetoka wapi, na imefikaje kwenye chupi za Wazungu? Wajuvi karibuni.

Mla Bokoboko
Siti ya mbele, sahani mkononi. Endeleeni.

Kijana wa Barabara ya 12
Oya mjomba, swali la darasa la tatu hilo. Tanga = kitambaa cha jahazi kinachoshika upepo. Watu wakisimama Raskazone wanaona matanga yanakuja, wakasema "tanga lile!" Mji ukaitwa Tanga. Uzi ufungwe tukale.

Bint Makorora
@Kijana wa Barabara ya 12, kwa hiyo waliokuwa wamesimama Pangani waliona nini? Mabasi?

Nahodha Mstaafu
Assalaam aleikum jamaa. Binti kauliza swali la haki, na mimi ambaye nimekula chumvi ya bahari miaka mingi nalirudia. Tanga liko kwenye kila chombo, kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Watu wa pwani hawaiti mahali kwa kitu ambacho kila mahali kipo. Wanaita kwa kile ambacho mahali pale kimepazidi pengine. Huwezi kuita mji mmoja "Samaki".

Mimi baba yangu, naye nahodha, alikuwa na maelezo mengine. Kuna msimu tunauita *tanga mbili*. Kaskazi limechoka, kusi halijakaza, upepo unageuka geuka, na chombo kinaweza kutweka tanga kwenda juu au kuja chini. Huo ndio wakati wa vyombo kukutana njiani, huyu anapanda, yule anashuka. Baba akisema ghuba hii yetu, jinsi ilivyojificha na maji yake yalivyotulia, ndiyo iliyokuwa pahala pa kungojea tanga mbili. Watu wakisema "twende tukangoje tanga". Mwisho pakaitwa Tanga.

Sina kitabu cha kuwaonyesha. Nina kauli ya mzee wangu tu.

Kijana wa Barabara ya 12
Shikamoo nahodha. Hiyo nimeipenda kuliko yangu. Naondoa hoja.

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Usiondoe hoja mapema, mwanangu, kusi lenyewe halijaingia.

Bint Makorora
Mimi nina dukuduku la muda mrefu. Tunasema kukaa matanga, kuweka matanga, kuvunja matanga, kuondoa matanga. Bibi yangu alikuwa anasema *kuanua* matanga. Na kuanua ni nini? Si kile unachofanya ukisikia mvua inakuja na nguo ziko kwenye kamba? Unaanua kitu kilichotandazwa. Kwa hiyo msibani kulikuwa na kitu kimetandazwa juu, kikishateremshwa, msiba umekwisha. Mimi naona ni tanga la chombo, lilitandazwa uani kama turubai watu wakae kivulini. Turubai za kukodi hazikuwapo zamani.

Mwalimu wa Zamu
Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba wazee waliuchukua msiba kama safari: siku za matanga chombo kimetweka, siku ya mwisho kimeshusha. Na inawezekana ya tatu, kwamba *matanga* ya msiba ni neno lake peke yake, limefanana tu na tanga la chombo, kisha watu waliposikia yamefanana wakaleta "kuanua" juu yake baadaye. Maneno yanafanya hivyo sana. Likifanana na jirani linaazima nguo zake.

Bint Makorora
Mwalimu nimeleta wazo moja umenirudishia matatu. Ndiyo maana tulikuwa tunafeli.

Mvita Asilia
Salamu kutoka Mombasa. Niruhusuni niwape jibu lenu, maana naona mwatafuta baharini kitu kiko ufuoni.

Nyinyi wa huko chini mwasema macho, sisi twasema *mato*. Mwasema chini, twasema *tini*. Mchele, *mtele*. Kucheka, *kuteka*. Sasa semeni nyinyi: mchanga, sisi twaitaje?

*Mtanga.*

Nimemaliza. Tanga ni pahala pa mtanga.

Mla Bokoboko
Duh. Sahani imenianguka.

Mdigo wa Duga
Haijaanguka bado, iokote. @Mvita Asilia, karibu, ila hesabu yako ina mashimo.

Kwanza, waliozunguka Tanga si Wamvita. Ni sisi Wadigo, Wasegeju, Wabondei, na Wasambaa huko milimani. Sisi mchanga ni *mtsanga*. Hata upande wenu wa Kwale mna Mtsangatamu, jina limebaki na mtsanga wake wote. Pili, ile *m* ya mwanzo imekwenda wapi? Watu wa pwani wakiita mahali kwa mchanga wanasema Mchangani. Ingekuwa Mtangani. Haikuwa hivyo. Tatu, njoo uone ufuo wa mjini kwetu. Mikoko na matope. Mchanga upo, lakini si wa kuupa mji jina.

Mvita Asilia
Wallahi hilo la *m* limeniuma. Lakini jina likipita midomo mingi hupunguka. Nipeni muda.

Mjukuu wa Shirazi
Mnachosahau ni Waajemi. Mimi niliambiwa shuleni, na nimeliona limeandikwa mahali pengi, kwamba Tanga ni neno la Kiajemi, maana yake ni bonde la kijani kando ya njia. Wageni kutoka Ghuba walifika, wakaona kijani, wakasema Tanga. Magofu ya Tongoni na misikiti iliyobomoka pale Kisiwa cha Toten ni ushahidi kwamba watu wa mbali walikuwepo hapa.

Mgosi wa Chuda
Hata mimi hilo la bonde la kijani nimelisikia. Ila neno moja kubeba bonde, na kijani, na njia, na kando? Hiyo ni sentensi, si neno.

Fundi AC Dubai
Ngoja nisaidie hapo. Nilifanya kazi miaka sita na Wairani, chumba kimoja, sufuria moja. Niliwahi kumwuliza mmoja swali hili hili kwa sababu alinicheka niliposema natoka Tanga.

*Tang* kwa Kiajemi ni -embamba, iliyobana. Kiatu kikikubana ni tang. Njia nyembamba kati ya milima wanaiita tang. Na *tange* ni mlangobahari. Ule mlangobahari wa Hormuz unaosikia kwenye taarifa ya habari kila bei ya mafuta ikipanda, wao wanauita Tange-ye Hormoz. Sasa ebu tazameni ramani ya ghuba yetu. Mdomo mwembamba, ukishaingia ndani maji yanatanuka, kisiwa kiko katikati. Baharia Mwajemi angeuitaje mlango ule?

Kijani hakimo, bonde la kulima halimo. Wembamba umo.

Mjukuu wa Shirazi
Asante kwa kusahihisha. Kijani nakitoa. Uajemi nabaki nao.

Mwalimu wa Zamu
Fundi umeileta vizuri, na kwa kweli kati ya zote hii ndiyo inayonifanya nikae sawa kitini. Lakini kufanana sauti na kufanana umbo la nchi bado si ushahidi. Tungetaka tuone mahali pengine katika pwani hii ambapo Waajemi wameacha jina la namna hiyo kwenye mlangobahari. Mlango wa Pemba hauitwi tanga. Mafia kuna mkondo, hauitwi tanga.

Kijana wa Barabara ya 12
Mwalimu kila mtu unampa nusu maksi.

Baharia wa Zamani
Nimechelewa, nilikuwa nasoma huku nacheka. Mjomba, mwambie mpwa wako ashukuru ni chupi tu. Mimi nilikuwa kwenye meli ya mizigo, nusu ya mabaharia ni Wafilipino. Siku ya kwanza, bosi wa sitaha akaniuliza jina na ninakotoka. Nikajibu kwa sauti ya kujiamini, "Tanga!" Meli nzima ikalipuka. Wakaniita mara tatu tatu nirudie. Nikarudia, na kifua mbele.

Kwa Kitagalogi tanga ni mjinga. Mpumbavu. Nilikuwa najitambulisha kila bandari kwamba mimi ni mpumbavu, na ninajivunia.

Baadaye mpishi akanihurumia, akaniambia inategemea mkazo unauweka wapi. Ukiuweka mwisho, tangá, ni mjinga. Ukiuweka mwanzo ni nondo, yule mdudu anayekula nguo kabatini. Sisi tunaweka mwanzo. Kwa hiyo tangu siku hiyo nikawa mdudu, siyo mjinga. Nikapanda cheo.

Bint Makorora
NIMEKUFA. "Nikapanda cheo."

Mla Bokoboko
Uzi wa mwaka.

Mdigo wa Duga
Kwa hiyo mdudu anakula chupi. Mambo yanaanza kuungana.

Mgosi wa Chuda
Tusitoke nje ya uzi jamani. Chupi imetoka wapi?

Mwalimu wa Zamu
Hiyo angalau njia yake inaonekana, tena inaanzia Afrika, si Ulaya.

Katika Kimbundu, lugha ya upande wa Luanda huko Angola, tanga ni kitambaa cha kujifunga kiunoni. Wareno walipokuwa Angola wakalichukua neno. Watu waliouzwa utumwani kutoka Angola wakalivusha Atlantiki hadi Brazili, kwa mdomo wao wenyewe na kwa mdomo wa Wareno. Kule likabaki kuwa jina la kivazi kidogo cha kufunika mbele. Wachimbaji wa mambo ya kale katika kisiwa cha Marajó, mdomoni mwa mto Amazon, wamepata vipande vya udongo wa kuchoma vya pembe tatu ambavyo wanawake walijifunika navyo kabla Mreno hajafika, navyo leo Wabrazili wanaviita tanga. Kisha miaka ya 1970 vazi dogo la kuogelea la fukwe za Rio likapata jina hilo, likapelekwa Ulaya na nchi nyingine kama bidhaa. Mjerumani, Mfaransa, Mwitaliano, Mhispania, wote wakalipokea na jina lake.

Kwa hiyo mpwa wako amwambie mama wa viazi: neno hilo ni la Kiafrika, sisi hatujaliiga kwao.

Mjukuu wa Shirazi
Kama vile vipande vya udongo ni vya kabla ya Mreno, si ina maana tanga ni neno la wenyeji wa Brazili?

Mwalimu wa Zamu
Vipande ni vya kabla ya Mreno. *Jina* ni la baada yake. Ukifukua sufuria ya miaka elfu ukaiita sufuria, haimaanishi wenyewe waliiita sufuria. Wapo waliolipeleka neno kwa wenyeji wa Brazili, lakini wengi wanakwenda na Kimbundu.

Fundi Cherehani
Sasa hapa na mimi nimo kazini kwangu. Kimbundu ni Kibantu, Kiswahili Kibantu. Wao tanga ni kitambaa cha kiunoni, sisi tanga ni kitambaa cha mlingotini. Mnaona tabu gani kuunganisha? Kitambaa ni kitambaa. Mimi nimeshona matanga ya ngalawa kwa marudufu, kile kitambaa kizito, na yanayobaki vipande nimewashonea watoto kaptula. Mtoto wangu wa kwanza alivaa tanga bila kujua Kimbundu.

Nahodha Mstaafu
Fundi umenichekesha, lakini nina neno. Tanga la zamani kabisa halikuwa kitambaa. Mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari, ilikuwa na tanga la mkeka, la pembe nne. Marudufu yalikuja na biashara. Tanga la pembe tatu unaloliona leo, limefungwa kwenye foromali (ule mti wa juu), henza (kamba yake) ikivutwa linapanda, ni la majahazi. Kwa hiyo kama tanga maana yake ni kitambaa tangu asili, basi wenye mitepe walikuwa wanaliitaje la mkeka?

Fundi Cherehani
Walikuwa wanasema... mkeka? Sawa nahodha, nimekaa chini. Juu ya mkeka.

Kachchi wa Ngamiani
Kem cho jamaa zangu wa Tanga. Mbona Wahindi hamtuulizi? Kwa Kihindi na Kiurdu tanga ni gari la kuvutwa na farasi, magurudumu mawili, abiria wanakaa wamepeana mgongo. Babu yangu alitoka Kachchh, alikuwa akisimulia habari za tanga za huko mpaka sisi watoto tukadhani mji ulijaa farasi siku hizo.

Halafu kuna tanga ya pesa. Goa ilipokuwa chini ya Mreno, rupia moja ilikuwa tanga 16. Yaani ukienda sokoni Goa na tanga mfukoni, unanunua samaki.

Kijana wa Barabara ya 12
Kwa hiyo tanga ni pesa, na tanga ni chupi. Ukitoa tanga...

Bint Makorora
Ishia hapo hapo. Wazazi wapo humu.

Fundi AC Dubai
Ya pesa ni kweli na ni kubwa kuliko Goa. Bukhara, Asia ya Kati, fedha yao ilikuwa tanga. Kazakhstan hadi leo wanatumia *tenge*, waliianza mwaka 1993 baada ya kuachana na rubo. Warusi wenyewe pesa wanaiita *dengi*, wamelitoa huko huko, kwa watu wa lugha za jamii ya Kituruki. Nilikuwa na Mkazakhi kazini, akaniambia nchi yenu ina mji unaitwa Pesa. Nikamwambia mji ndiyo, pesa haipo.

Mdigo wa Duga
😂😂 Pesa ilikuwepo enzi za mkonge.

Mla Bokoboko
Siku hizo mkonge uliitwa dhahabu ya kijani. Naona kijani cha Mjukuu wa Shirazi ndicho hicho.

Dereva wa Masafa
Mimi napeleka mizigo mpaka Lubumbashi, nakutana na Wakongo wa pande zote. Kwa Kilingala *kotanga* ni kusoma. Na ni kuhesabu pia. Mwanafunzi ni *motangi*. Siku moja mpakani askari akanipa karatasi akasema "tanga, tanga". Nikamwambia ndiyo, nimetoka Tanga, umejuaje? Akadhani namfanyia dhihaka. Nilikaa pale saa tatu.

Na ukivuka Zambezi, kwa Washona *kutanga* ni kuanza.

Mgosi wa Chuda
Kuanza! Hiyo nimeipenda kuliko zote. Tanga ndipo kila kitu kilipoanzia. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza Tanga mwaka 1896.

Mwalimu wa Zamu
Ilianza kujengwa 1893. Mwaka 1896 ndipo ilipofika Muheza. Korogwe ikafika 1902.

Mgosi wa Chuda
Miaka mitatu mpaka Muheza? Pale ni kilomita arobaini! Mimi ningetembea kwa magoti ningefika mapema.

Mdigo wa Duga
Hata leo lori bovu linafika kwa siku tatu, usidharau.

Mwanahistoria wa Kahawani
Nimewasoma toka mwanzo, nashangaa hakuna aliyetaja jambo kubwa. TANGANYIKA. Wajerumani walishukia Tanga, wakaona nyuma yake ni nyika tupu, wakaiita nchi Tanga-nyika. Tan ya Tanzania ni Tanga yetu. Nchi nzima imebeba jina la mji wetu.

Mwalimu wa Zamu
Hili naomba tulisahihishe, maana linaimbwa sana.

Wajerumani hawakuiita nchi Tanganyika. Wao waliiita Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jina la Tanganyika kwa nchi lililetwa na Waingereza mwaka 1920, nao walilitoa kwenye ziwa. Na ziwa lilikuwa na jina hilo kabla Mjerumani hajaweka mguu hapa. Burton na Speke walifika ukingoni mwake, upande wa Ujiji, Februari 1858, na tayari waliokuwa nao walikuwa wanaliita Tanganyika. Ziwa liko kilomita zaidi ya elfu kutoka Raskazone. Tan ya Tanzania ni ya kule, si ya Chuda.

Mgosi wa Chuda
Hapo umeniumiza, mwalimu.

Mwanahistoria wa Kahawani
Na ziwa lenyewe liliitwa Tanganyika kwa nini? Si tanga na nyika?

Mwalimu wa Zamu
Burton aliandika kwamba ni mahali pa kukutania maji, kutoka neno *kutanganyika*, yaani kuungana, kukutana.

Mvita Asilia
NIMERUDI. Shikeni hapo hapo!

Kutanganyika! Kwetu *kutanganya* ndiyo kuchanganya. Kutanganyika ndiyo kuchanganyika. Ile ile ch na t. Mato, tini, mtele! Burton kaambiwa kwa lugha ya kwetu kwamba maji yanatanganyika, yeye akaandika. Mimi toka mwanzo nawaambia, hamnisikii.

Mdigo wa Duga
Mvita leo kapata. Lakini umepata ziwa, hukupata mji. Tanga yetu haijatanganyika na kitu.

Mvita Asilia
Nipeni ziwa basi, mji naachia.

Mwalimu wa Zamu
Hata ziwa tusimpe moja kwa moja. Burton alikwenda na watu waliotoka pwani. Mtu wa pwani akiulizwa maana ya jina asilolijua, atakutafutia neno la kwao linalofanana, akupe. Sisi humu tangu mwanzo tunafanya nini?

Bint Makorora
Tunatangatanga.

Kijana wa Barabara ya 12
Aaaah! Na hilo limesahauliwa! Kutanga na njia! Kutangatanga! Labda Tanga ni mji wa watu wanaotanga. Waja leo waondoka leo. Imekaa hiyo!

Nahodha Mstaafu
Mwanangu umeamka. Hilo lina maana. Bandari ni ya watu wanaotanga na dunia. Anayekaa hapa mwaka mzima ni mkoko.

Mdigo wa Duga
Nasi wenyeji tumeitwa mikoko. Nimesikia.

Baharia wa Zamani
Nirudi kidogo. Nimekumbuka Surabaya. Waindonesia wana *tangga*, kwa g mbili, ni ngazi. Na nyumba yenye familia ndani wanaiita *rumah tangga*, nyumba ya ngazi. Jirani ni *tetangga*. Nikawaza, basi huku mimi ni jirani, meli ileile iliyoniita mjinga.

Na New Zealand, Wamaori wakilia msiba wanasema *tangi*. Mazishi yao yana jina refu linaloanza hivyo hivyo, *tangihanga*, watu wanakaa siku kadhaa na maiti, wanalia, wanakula, wanahutubia. Nilihudhuria mmoja, wa mwenzetu wa bandarini. Nilikaa pale nikasema hii ni matanga kabisa. Bint Makorora nilikukumbuka hata kabla sijakujua.

Bint Makorora
Jamani. Hiyo imenisisimua. Matanga na tangi, na vyote ni msiba! Kuna waliovuka bahari na mitumbwi ya ngalawa mpaka Madagaska, si ni ndugu zao hao?

Mwalimu wa Zamu
Ni ndugu zao, ndiyo. Wamalagasi, Wafilipino, Waindonesia na Wamaori lugha zao ni za ukoo mmoja. Na ngalawa yenye mirengu, yaani ile miti ya ubavuni ya kuzuia isipinduke, wengi wanasema ilitoka kwao ikaja huku. Ndiyo maana mtego huu ni mtamu. Lakini tazama: katika ukoo huo huo mmoja, tanga ni mjinga, tangga ni ngazi, tangi ni kulia. Kama ndugu wa tumbo moja wanalitumia kwa mambo matatu tofauti, sisi wa ukoo mwingine kufanana nao kwenye msiba tu kunaweza kuwa bahati. Silabi *ta* na *nga* ni rahisi mdomoni, lugha nyingi zitazigongana. Wazulu nao *ithanga* ni boga, na ni paja pia.

Kijana wa Barabara ya 12
Boga, paja, chupi. Mimi naona njia inafunguka.

Mla Bokoboko
Mods, mfungieni huyu siku mbili.

Fundi Cherehani
Kuna visiwa vinaitwa Tanga huko Papua New Guinea. Nimeviona kwenye ramani ya mtoto. Kama kuna Mgosi kaenda kule na fulana, atujuze.

Mjukuu wa Shirazi
Swali la pembeni. Na Tongoni je? Ina uhusiano na Tanga?

Mdigo wa Duga
Tongo ni mahame, mahali palipokuwa na watu wakahama. Matongo. Tongoni ni kwenye matongo. Pale watu waliita walichokiona, makaburi na msikiti uliobomoka.

Bint Makorora
Na tongo za machoni?

Mdigo wa Duga
Hizo kanawe.

Nahodha Mstaafu
Pale Tongoni ndiko Mtang'ata, pwani ile ile ambako Vasco da Gama mwaka 1498 chombo chake kimoja kilikwama fungu, na alipokuwa anarudi mwaka uliofuata akakiteketeza moto kwa kuwa hakuwa na mabaharia wa kutosha. Fikirini, Mtang'ata na Tanga ni mwendo wa asubuhi kwa upepo mzuri. Hilo jina nalo mmelitazama? Mtang'ata. Tang'ata. Tanga.

Mwalimu wa Zamu
Nahodha! Nilikuwa nakwenda kulala.

Mvita Asilia
Na hilo lina *m* mbele. Nasema tu.

Mdigo wa Duga
Lakini ng' si ng. Ng'ombe si ngombe. Mtu wa pwani hawezi kuzichanganya hizo.

Mvita Asilia
Hawezi *kuzitanganya*.

Fundi AC Dubai
Mimi nabaki na mlango mwembamba. Nahodha anabaki na tanga mbili. Kura ipigwe.

Nahodha Mstaafu
Kura ya jina la mji haipigwi. Kesho asubuhi niko Deep Sea, samaki wakishuka. Kuna mzee mmoja pale, umri wake umenizidi, alikuwa kwenye majahazi ya Uarabuni. Nitamwuliza yeye alikuwa analisikiaje. Akinipa ya nne nitaileta.

Mgosi wa Chuda
Nitangoja, nahodha. Wakuu asanteni, nimesoma zote, na mpwa nimemtumia uzi mzima. Kajibu sasa hivi. Anasema Jumamosi hii karudi sokoni na fulana ile ile makusudi, kamsimulia mama wa viazi habari ya Angola na Brazili. Mama kasikiliza mpaka mwisho, akauliza inauzwa wapi. Anataka mbili, yake saizi kubwa kabisa, na moja ya mumewe.

Mchapaji anataka nimpe maandishi mapya ya mgongoni kama yapo. Mkonge ubaki, au niweke jahazi?

Baharia wa Zamani
Weka nondo.